Penseli ya Karani

Madaftari ni kumi na moja. Nayahifadhi kwenye kabati la chuma katika kiwanda kidogo cha uchapaji ninakofanya kazi, rafu ya juu, nyuma ya karatasi za kadi za harusi. Yote yameandikwa kwa mwandiko wangu, kwa wino wa buluu, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikiwaambia watu kwamba ndani yake hakuna hata neno moja langu. Hilo ni karibu kweli.

Mtunzi alikuwa karani wa reli. Aliishi Kaloleni, Nairobi, katika nyumba ya vyumba viwili, na mtaa mzima, hata watoto, ulimwita Karani. Kazini aliandika orodha za mabehewa. Jioni alitunga nyimbo za kwaya ya ukumbi wa mtaa, kwanza za sikukuu, kisha mchezo mzima wa kuimba. Alitumia penseli tu. Kifutio alikifunga kwenye penseli kwa uzi ili kisipotee, na alifuta zaidi kuliko alivyoandika. Juu aliweka maneno, chini yake noti za solfa, do, re, mi, kwa sauti nne.

Mimi nilikuwa mwimbaji wa besi mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, niliyeacha shule kidato cha pili. Karani alinifundisha kusoma solfa kwa miezi mitano, na mengine nimejifunza kwenye vitabu vya mitumba. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, alinipa kazi ya kunakili. Jumatatu nilichukua karatasi zake za penseli, Alhamisi nikamrudishia daftari la wino. Kulikuwa na sheria moja aliyojiwekea mwenyewe, baada ya mwaka ambao alibadilisha wimbo asubuhi ya siku ya mchezo na waimbaji wa soprano wakalia. Ukurasa ukishapigwa wino, haubadilishwi tena, hata na yeye. Ubishi ukizuka mazoezini, mtu alisema tu, “Imepigwa wino,” na tukaendelea.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Mume na mke wanagombana, mume anampiga mke kofi, mke anarudi kwao, magharibi mwa nchi. Baada ya miezi mitatu anakuja tena Nairobi akiwa na mzigo kichwani, anapiga magoti mlangoni, na anaimba. Mlango ulikuwa mlango halisi wa nyumba ya mtaani, ulioachwa wakati nyumba fulani zilipokarabatiwa. Maneno ya wimbo yalikuwa machache: *Nimerudi, nimeutua mzigo, nifungulie, kosa ni langu.* Tuliuimba kila Desemba, wiki moja kabla watu hawajasafiri mashambani kwa Krismasi, na ukumbi wote uliimba pamoja nasi. Baada ya miaka michache wimbo wa mlangoni ulitoka ukumbini. Niliusikia kwenye harusi, kisha kwenye mazishi.

Karani alikufa miaka minne iliyopita. Tangu hapo mchezo haukuonyeshwa, hadi mwelekezi alipokuja kiwandani.

Alikuwa mwalimu wa muziki wa shule ya upili, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekulia mtaa wa Buruburu. Mama yake aliwahi kuimba alto kwenye mchezo huo, na yeye mwenyewe alibebwa ukumbini akiwa mtoto mchanga. Kamati ya ukumbi ilikuwa imemruhusu kuufufua mchezo, na alihitaji madaftari. Alikuja na orodha ya mabadiliko, imechapwa na kupewa namba. Nilipenda zile namba.

Hapa inafaa nieleze kazi yangu. Napanga vitabu vidogo vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu mbele na wasifu wake ndani. Familia huleta wasifu, huusoma tena mbele yangu, kisha hukata mstari. Mke wa pili huondoka. Miaka ya ulevi hugeuka kuwa “alipenda kukaa na watu.” Sijawahi kumkatalia mtu. Wafu hupigwa pasi kila siku, na pasi yenyewe naishika mimi. Kwa hiyo sikuwa mtu wa kushtuka kwa sababu mwalimu fulani alitaka kunyoosha kazi ya marehemu.

Tulipitia orodha namba kwa namba. Alitaka mchezo wa saa tatu uwe wa saa moja na nusu. Nilikubali. Alitaka vijana kwenye mchezo wazungumze Sheng ya leo badala ya ile ya wakati wetu, ambayo wajukuu wetu hawaielewi. Nilikubali. Alitaka kuondoa wimbo mrefu kuhusu kuchelewa kwa gari la mizigo, nami nilikubali upesi, kwani hata Karani alipokuwa hai watu walitoka nje wakati huo kununua mahindi ya kuchoma. Tulifika namba saba, ambayo ilikuwa kuondoa wimbo wa mlangoni.

Alisema hawezi kuwaweka wasichana wake mbele ya ukumbi wafundishe watu kwamba aliyepigwa ndiye anayeomba msamaha. Nilimjibu kwamba hoja yake nimeielewa, na kwamba yuko huru kutunga mchezo wake mwenyewe, auwekee jina lake.

“Mzee, nikiweka jina langu, nani atakuja?” aliuliza.

Lilikuwa jibu la ukweli na lilinipunguzia hasira. Nilimwambia kwamba alipokuwa hai, aliyebadilisha kazi ya Karani alikuwa Karani, na mtu angeweza kubishana naye mpaka chai ikapoa. Sasa hawezi kujibu. Akasema wasichana wake nao hawawezi kumjibu Karani, na wao ndio watakaopiga magoti. Kisha akaniuliza kama kulikuwa na mwisho mwingine, rasimu yoyote, hata kipande cha karatasi.

Nikasema hakuna.

Karatasi haikuwapo, kweli. Lakini mwaka ule wa kwanza wa mchezo Karani alikuwa ameniletea miisho miwili, kila mmoja kwenye karatasi yake. Katika wa kwanza mwanamke alipiga magoti. Katika wa pili mlango ulifunguka kabla mwanamke hajatokea, na mume akatoka nje, kofia mkononi. Karani alitandaza karatasi zote mbili mezani. Alikuwa na tabia ya kutuita kwa sauti zetu. “Besi,” akaniambia, “ipi inaimbika?”

Niliziimba zote mbili kwa sauti ya chini. Katika wimbo wa magoti, besi ilishuka hatua kwa hatua mpaka chini kabisa huku soprano wakishikilia noti moja, na mwimbaji aliona fahari kuishuka ile ngazi. Katika ule wa kofia, besi ilikaa kwenye *do* moja ndefu, haiendi popote. Nilichagua ule wa kwanza. Karani akachukua karatasi ya pili, akaifuta yote mbele yangu, akapuliza vumbi la kifutio, na wiki ileile akaandika wimbo mwingine juu yake. Alhamisi wimbo wa magoti ulikuwa umepigwa wino. Sikumfikiria mwanamke wala mwanamume. Nilifikiria besi.

Sikumweleza mwelekezi hayo kwa sababu nilijua angeniomba nikumbuke. Nilichokuwa nakikumbuka ni kofia na *do* moja. Mengine yote ningeyatunga, na yangetangazwa kwa jina la Karani. Sababu ya pili, kwamba sikutaka kujulikana, sikujiambia waziwazi wakati ule.

Nilipendekeza tumuulize mjane wake. Ilikuwa hila. Mama huyo hakukosa hata Desemba moja. Alikaa kiti cha mbele upande wa kushoto, kitambaa cha kijani kichwani, mikono juu ya mkoba. Wimbo wa mlangoni ulipofika, ukumbi mzima uliimba isipokuwa yeye, nami nilidhani ni kwa sababu ya machozi. Nilikuwa na hakika angekataa.

Tulikwenda Jumamosi alasiri. Bado anaishi katika nyumba ileile Kaloleni. Alitupa chai na sinia la njugu za kuchemsha, naye akawa anamenya huku akisikiliza. Mwelekezi alimwita shosho, kama vijana wanavyomwita nyanya yao.

“Shosho ni wa Buruburu,” alisema. “Hapa niite mama.”

Mwelekezi akaomba radhi, akaeleza mpango wake vizuri, bila kumtukana marehemu. Nami nikaeleza upande wangu, kwamba kazi ya mtu aliyekufa ni kama alivyoiacha. Mjane alimenya njugu tatu au nne kabla ya kujibu.

“Mimi sikupiga magoti.”

Mwelekezi aliuliza lini.

“Siku yoyote. Nilikuwa kwetu, nimemaliza miezi mitatu, na sikuwa na haraka. Yeye ndiye aliyekuja. Aliketi kwenye stuli ya jikoni siku mbili, ndugu zangu wakimpita kama kuku anayetaga. Siku ya tatu baba akauliza, ‘Huyu mtu wa reli bado yuko?’”

Alicheka mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejua kwamba mchezo ulitokana na nyumba yao, kila mtu mtaani alijua, lakini sikuwahi kujiuliza kama ulisema kweli. Mwelekezi alifurahi. Alitoa kalamu, akasema basi mambo ni mepesi, tutaandika ilivyokuwa, tutamrekebishia Karani mchezo wake.

“Hapana,” alisema mjane. “Hapo ndipo mnapokosea, binti yangu. Aliyeandika uongo ni yeye. Alijua, nami nilijua, na kila Desemba alinitazama kutoka jukwaani akijua kwamba najua. Mkiutoa na kuliacha jina lake, watu watasema, oneni Karani alivyokuwa muungwana. Msimsafishe. Alioshwa mara moja, mochari. Inatosha.”

Nilikuwa nimefika pale nikiwa na hoja yangu, mwelekezi na yake, na ghafla hakuna aliyekuwa na hoja. Nilikuwa nimedhani kubadilisha kazi ya marehemu ni kumdhulumu. Sikuwa nimefikiri kwamba kunaweza kuwa kumpendelea, na kwamba mwenye kudhulumiwa anaweza kuwa mtu mwingine aliye hai, anayemenya njugu.

Mwelekezi alimuuliza, kwa heshima, basi yeye anataka nini. Mjane alisema kina mama wa kanisa wamekwisha kumwambia watamwimbia wimbo gani siku ya kumzika. Walimwambia kwa upendo, kama zawadi.

“Nitazikwa nimepiga magoti,” alisema. “Na huyu ndiye atakayeichapisha karatasi.” Alininyooshea ganda la njugu.

Ilikuwa kweli. Vitabu vya mazishi vya mtaa ule hupitia mikononi mwangu, na wimbo wa mlangoni umekuwa ukurasa wa mwisho wa vingi. Nikawaambia habari za karatasi mbili. Nilieleza kwa mpangilio: meza, swali la Karani, kofia, kifutio, na kwamba nilichagua kwa sababu ya sauti yangu mwenyewe.

“Kwa hiyo,” alisema mjane, “miaka hii yote nimepigishwa magoti na besi.”

Alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena uso ulikuwa umetulia.

“Yule aliyetoka na kofia mkononi. Alisema nini?”

Nilimwambia sikumbuki.

“Hata neno moja?”

“Hata moja, mama.”

Alitazama sinia. Nadhani katika mambo yote tuliyozungumza alasiri ile, hilo ndilo swali pekee alilotaka kujibiwa. Mwelekezi alisema polepole kwamba pengine nikipewa muda ningekumbuka, kwamba tungeweza kusaidiana kuujenga upya. Nilikataa. Kabla sijaeleza kwa nini, mjane aliingilia kati.

“Asijaribu. Atamtungia.”

Tulipatana hivi. Onyesho la mwisho lingekuwa la mjane, kama alivyolisimulia, likiandikwa na mwelekezi, na lisingebeba jina la Karani. Wimbo wa mlangoni usingeimbwa, lakini kwenye programu tungesema wazi kwamba upo na nani aliutunga. Maneno niliyapanga mwenyewe: *Mchezo huu ulitungwa na Karani. Onyesho la mwisho si lake; limesimuliwa na mkewe na kuandikwa na mwelekezi. Yeye aliandika kwamba mwanamke alirudi akapiga magoti. Wimbo huo umo katika daftari la tisa na haujabadilishwa.* Mwelekezi alisema ni maneno mengi kwa programu ya mchezo. Mjane alisomewa, akasema ni machache.

Nilinunua daftari la kumi na mbili nikanakili mchezo mpya. Ya Karani niliyaandika kwa wino wa buluu, ya mwelekezi kwa wino mweusi, na yale machache ya mjane kwa wino mwekundu, ili atakayelishika baada yangu asihitaji kumuuliza mtu.

Mazoezi yalifanyika ukumbini. Kijana aliyecheza mume alikuwa fundi wa simu kutoka mtaa wa Jericho, mwenye sauti nzuri, na hakufurahishwa na mwisho mpya.

“Yaani mzae, nakaa tu kwa stuli? Hakuna line?” aliniuliza.

Mwelekezi akamwambia akae kama mtu anayejua kwamba atakaa siku mbili. Kijana akauliza kama anaweza angalau kupewa simu ya kushika.

Siku ya mchezo ukumbi ulijaa kabla ya saa tisa. Watu walikuwa wamekaa miaka minne bila mchezo wao, na wazee walikuja na vijana wao. Mjane alikaa mahali pake, kitambaa cha kijani kichwani. Mimi nilikaa kando ya jukwaa na daftari, tayari kumnong’onezea atakayesahau. Watu walicheka Sheng, wengine kwa kuielewa na wengine kwa sababu vijana walikuwa wakicheka. Hakuna aliyetoka kununua mahindi.

Kisha mlango ukaletwa jukwaani. Ni uleule, umepakwa rangi mara nyingi. Kijana aliweka stuli mbele yake, akaketi. Mwelekezi alikuwa amemwambia ahesabu mpaka ishirini kimya kimya kabla mlango haujafunguka. Nilihesabu pamoja naye.

Nilipofika nane, nyuma upande wa kulia, wanapokaa wanawake walioimba alto zamani, mtu mmoja alianza wimbo wa mlangoni. Wa pili akaingia. Baadaye niliwauliza baadhi yao kama walikuwa wakipinga, na wakashangazwa na swali. Walikuwa wameuona mlango. Kila Desemba mlango ukija, wimbo huja, nao walidhani waimbaji wamesahau na wanahitaji kusaidiwa. Soprano wakaingia, kisha tenori. Ukumbi mzima ukaimba kwa sauti nne, bila mwongozaji, kwa usahihi ambao kwaya yetu haikuufikia mara nyingi. Mwelekezi aliweka mikono kichwani. Kijana alinitazama mimi, na sikuwa na neno la kumnong’onezea, kwa kuwa jambo hilo halikuwa katika daftari lolote. Akainamisha kichwa akatulia. *Nimerudi, nimeutua mzigo, nifungulie, kosa ni langu.* Maneno yale yalimwangukia yeye, mwanamume peke yake mbele ya mlango uliofungwa, na hakukuwa na mwanamke yeyote amepiga magoti.

Besi ilianza kushuka ngazi yake. Sikuimba. Lakini mguu wangu wa kulia ulihesabu mapigo yote.

Wimbo ulipokwisha mlango ulifunguka, na msichana akatoka na sufuria ya maji, akampita kijana kama kuku anayetaga. Kicheko kilidumu. Watu kadhaa waliniambia hilo ndilo onyesho bora waliloliona katika ukumbi ule. Niliporudi kazini nililifungua daftari la kumi na mbili nikitaka kuliandika, na sikujua kwa wino upi. Nimeuacha ukurasa mtupu.

Watu walipokuwa wakitoka, mjane alibaki kitini. Nilikwenda kumsaidia kusimama, lakini hakunipa mkono.

“Wameimba,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Hata nikifa wataimba.”

Nilimwambia inawezekana. Siwezi kuwazuia watu wasiimbe wanachokijua. Naweza kuchagua kinachochapwa tu. Akaniambia nigeuze programu niliyokuwa nimeishika, upande usio na maandishi, niandike mstari wa wasifu wake, uwe tayari. Watoto wake asingewaachia kazi hiyo, wangemnyoosha.

Nilichukua penseli sikioni. Aliitazama, akafunga mdomo, akaweka mikono juu ya mkoba. Nilipekua mifuko ya koti. Nilikwenda kwa mwelekezi, aliyekuwa akikunja nguo za mchezo, nikaazima kalamu yake ya wino, nikarudi.

“Alifuatwa na mumewe,” alisema, “akarudi kwa miguu yake.”

Niliandika. Aliniambia nimsomee. Nilimsomea, ndipo akanipa mkono nimsimamishe.